Paa la Karavani Kwenye Kibanja cha Baba

Mama yangu alianika kahawa juu ya nyumba yangu kwa miaka yote niliyokuwa sipo, na hakuona sababu ya kuniambia. Kwanza, alisema, haikuwa nyumba. Pili, palikuwa mahali pazuri mno pa kuanikia.

Nyumba yenyewe ni karavani: chumba kirefu cha alumini juu ya magurudumu mawili, chenye mlango mmoja, madirisha, kidirisha cha hewa kwenye paa, kitanda, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi. Imetengenezwa ili ivutwe nyuma ya gari. Niliipata nilipokuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Mkubwa wao alilala humo, tukahama kambi hadi kambi, yeye na karavani yake, mimi na masufuria yangu. Kazi ilipoisha akasema chombo kile kimezeeka, kikivutwa hadi Dar es Salaam kitafika vipande, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikifagia kila asubuhi, basi nikichukue. Trekta likaivuta hadi Nyakasimbi, nyumbani kwa wazazi wangu, ikaegeshwa pembeni mwa migomba. Baba alikuwa bado hai. Aliizunguka, akaigonga kwa fimbo yake, akasema, "Karibu," kama vile anasalimia mtu.

Kisha mimi nikaondoka. Ndivyo nilivyo. Nikikaa mahali hadi nikamjua kila mbwa kwa sauti yake, miguu inaanza kuwasha. Nimepika Songambele siku za mnada wa ng'ombe, nimepika Isingiro, nimepika Bukoba, nimeuza maandazi Geita kwa wachimbaji. Na ajabu ni kwamba nikiwa huko nawaza nyumbani, ndizi na maharage ya mama yakitokota chunguni. Nikiwa kwa mama nawaza maziwa ya wafugaji wa Songambele, yale yanayokaa kwenye vibuyu vilivyofukizwa hadi yakawa na harufu ya moshi. Sijawahi kuwa mahali bila kupakumbuka pengine.

Nilirudi kiangazi kimoja, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, nikiwa nimechoka kupanga vyumba vya watu. Baba alikuwa amefariki na kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa pamoja na nyumba iliyo katikati yake, kilikuwa cha mdogo wangu wa kiume, ambaye ni seremala. Nyumba ilijaa: yeye, mkewe, watoto wao na mama. Nikasema sitamsumbua mtu, ninayo karavani yangu. Nikafungua mlango, nikapokewa na harufu kama ya kapu lililosahauliwa uvunguni. Dari lilikuwa limetuna katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikaligusa kwa kidole ili nijue ni gumu kiasi gani. Kidole kikazama chote.

Mdogo wangu alikuja akachungulia, naye akaingiza kidole chake pembeni mwa tundu langu.

"Dada, hili paa limeoza."

"Nimeona."

"Usihangaike nalo. Nasimika nguzo nne, naweka bati juu yake, mvua haitaligusa kabisa. Kazi ya asubuhi moja."

Lilikuwa wazo zuri, na mimi sikuwa na lingine. Kesho yake alichimba mashimo, akasimamisha nguzo mbili za mkaratusi. Ya tatu ilikuwa bado begani kwake baba mdogo alipotokea. Huyu ni mdogo wa marehemu baba. Kibanja chake kinapakana na chetu upande wa mteremko, na mambo ya ukoo wetu sasa yako mikononi mwake. Ni mzee mwembamba mwenye kofia ya pama na uvumilivu mdogo.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umerudi, vizuri. Hizi nguzo ni za nini?"

"Za kuezeka, baba," mdogo wangu akajibu. "Karavani inavuja."

"Ehe. Wewe ni fundi. Niambie, kitu chenye nguzo nne ardhini na bati juu kinaitwaje?"

Mdogo wangu akaishusha nguzo taratibu. "Banda."

"La nani?"

"La dada."

"Limejengwa kwenye kibanja cha nani?"

Wote tulijua anakotupeleka. Kwetu binti anarudi nyumbani wakati wowote, anapewa chakula, anapewa pa kulala, hata akitaka kuzeekea hapo hakuna wa kumfukuza. Lakini hajengi. Kibanja ni cha ukoo na kinapita kwa wana wa kiume. Binti akisimamisha nguzo, watu wanaona ameanza kudai migomba. Serikali ina sheria nyingine juu ya jambo hili na baba mdogo anaijua vizuri, maana redio yake haizimwi. Ila alisema redio haikuwepo mipaka ilipowekwa.

Akaigonga karavani ubavuni. Yeye hajawahi kuiita karavani, anasema ni behewa. "Behewa hili kaka yangu alilipokea kwa sababu lina magurudumu. Kitu cha magurudumu ni mzigo. Mzigo wa binti yetu una haki ya kukaa hapa hata miaka mia, sina neno. Likiota mizizi, nitalipinga mbele ya ukoo mzima."

"Na likiendelea kuvuja?" nikauliza.

"Likioza si mzigo tena, ni takataka. Takataka tunachoma." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. "Mvua zikianza nitakuja kuketi humo ndani. Nikitoka mkavu, na behewa likiweza kutembea, basi ni lako na mahali pake ni pako. Nisipotoka mkavu, mwanangu, utalala sebuleni kwa mdogo wako kama wageni wengine."

Akaondoka. Mdogo wangu akaanza kuchimbua nguzo zake. Mimi nikabaki natazama kile chombo cha alumini. Nilikuwa nimelala kwenye sebule za watu kiasi cha kutosha. Nina miaka arobaini na kitu, na katika dunia hii palikuwa na mlango mmoja tu ambao ufunguo wake ulikuwa wangu.

Kwa hiyo paa lingetengenezwa lenyewe, juu kwa juu, bila kitu chochote kugusa ardhi.

Tuliegemeza ngazi, tukaanza kung'oa kipande chembamba cha chuma kinachozunguka ukingo, pale bati la juu linapokutana na la ubavuni. Chini yake hapakuwa na gundi wala mpira. Palikuwa na kahawa. Maganda makavu ya kahawa, yameshindiliwa kotekote kama tumbaku kwenye kiko, meusi, na chini yake majimaji ingawa ilikuwa kiangazi. Kona ya nyuma mbegu zilikuwa zimeota. Palikuwa na mche wa kahawa wenye majani manne, umesimama kwenye ubao wa paa langu, una afya kuliko ile ya shambani.

Tukamwita mama. Alikuja akifuta mikono, akautazama ule mche kwa upendo.

"Huo usiung'oe vibaya, una mizizi mizuri."

"Mama, nani aliweka kahawa huku juu?"

"Mimi. Ningeanika wapi? Ukianika chini inanuka udongo, wanunuzi wanakurudishia. Hapa pako juu, pana jua toka asubuhi, kuku hawafiki. Kahawa yangu haikurudishwa hata mara moja. Waulize."

"Ulipandaje?"

"Kwa ngazi. Unafikiri niliruka?"

"Ukawa unatembea juu yake?"

"Kahawa utaigeuzaje bila kutembea?"

Mdogo wangu alikuwa amegeuza uso ili asicheke. "Na mama," akasema, "hukuona kwamba paa linabonyea katikati?"

"Niliona. Nikafurahi. Kabla ya hapo ilikuwa inamwagika pembeni."

Hapo na mimi nikacheka, nikashindwa kumkasirikia. Miguu ya mama ilikuwa imelegeza mbao, maganda yakaziba ukingo, maji ya mvua yakakosa pa kutokea, yakakaa katikati kama bwawa na kupenya polepole kwenye kila tundu la skrubu la ukingoni na la kidirisha. Aliangalia mikono yetu iliyojaa uozo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani hurudi kuitumia." Nikashuka kuchukua kopo, nikauhamisha ule mche kwa udongo wake.

Tulipoinua bati la juu, mbao za ndani zilitoka kwa mkono. Nyingine zilikuwa kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Ukishika zinabaki vidoleni. Sisimizi walikuwa na mji wao humo. Tukaondoa vyote hadi kuta zikabaki zimesimama bila kichwa, na kwa siku kadhaa nilikuwa mwanamke mwenye kitanda, meza, jiko na anga. Niliupenda wakati ule kuliko ninavyopaswa kusema. Asubuhi nilichemsha chai ndani ya nyumba isiyo na paa, nikisimama kwenye kiti naona juu ya migomba hadi vilima vya upande wa Kyerwa, na rweya, ile nyika ya majani isiyolimwa, na ng'ombe wenye pembe ndefu wakipita mbali kama watu wanaokwenda ibadani bila haraka. Miguu ikaanza kuwasha. Nikaiambia ingoje.

Mdogo wangu alitaka kutumia mkaratusi, kwa sababu mkaratusi ndio anaoujua.

"Mzito," nikamwambia. "Hili ni la kuvutwa."

"Dada, mbao za paina ni laini."

"Karavani si kanisa. Weka paina."

Aliweka paina, na alizichonga vizuri, lazima niseme. Kila boriti aliifanya nene kidogo katikati na nyembamba kwenye ncha, ili paa lisiwe bapa tena na maji yateremke pande zote mbili. Mama ndiye aliyetuonyesha maji yalikuwa yakisimama wapi. Alisimama chini na fimbo ndefu akielekeza: hapa palikuwa panakusanya, na pale, na karibu na kile kidirisha cha juu. Hakuna aliyelijua lile paa kama yeye. Juu ya boriti tukaweka plaiwudi mpya, tukaipaka rangi ya mafuta, tukalirudisha bati la alumini mahali pake.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofanya kosa la mtu aliyeezeka nyumba maisha yake yote. Mimi nilikuwa jikoni kwa mama nikimenya ndizi, nikasikia nyundo. Nyundo ya furaha, ta-ta-ta, kama ya mtu anayemalizia kazi. Nilipofika alikuwa amepiga misumari ya bati katikati ya paa, mistari miwili iliyonyooka, kila msumari na kofia yake.

"Umefanya nini?"

"Nimeezeka."

"Ulikuwa na bati lisilo na tundu katikati ila la kidirisha."

Alitazama nyundo, akatazama misumari. "Nyumba zote ninaweka hivi."

"Nyumba zote bati lina migongo, unapiga kwenye mgongo, maji yanapita bondeni. Hili mgongo uko wapi?"

Alikuwa mbishi, akataka tujaribu kwanza. Akapanda na ndoo za maji, mimi nikaingia ndani nikafunga mlango.

"Namwaga," akapiga kelele kutoka juu.

"Mwaga."

"Inavuja?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Uliza mahali isipovuja, nitajibu upesi zaidi."

Tuliing'oa misumari yote. Nilitoa mfuniko wa sufuria langu kubwa la kambini, nao ni wa alumini, tukaukatakata vipande vidogo, tukabandika kila tundu kwa gundi ya silikoni na kukandamiza kwa mawe usiku mzima. Ukingoni tuliweka mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya tairi, juu yake kile kipande cha chuma, na skrubu badala ya misumari, kila skrubu na kipete chake cha mpira. Mdogo wangu alipofika kona ya mwisho akasema, "Huu mfuniko ulikuwa wa sufuria la pilau?" Nikasema ndiyo. Akasema ndiyo maana ana njaa.

Mama alikuwa bado na magunia mawili ya kahawa mbichi. Akaja akalitazama paa lile, jeupe, limenyooka, linang'aa juani.

"Limekuwa zuri sana," akasema.

"Hapana, mama."

"Sijasema kitu."

"Najua. Hapana."

Zile nguzo za mkaratusi zilizong'olewa tukazitumia kumtengenezea kichanja upande wa pili wa nyumba, cha urefu wa kiuno chake, chenye wavu juu. Alilalamika siku ya kwanza kwamba kuku watafika. Siku ya pili hakulalamika, kwa kuwa alikuwa ameketi pembeni yake na kitenge, anageuza kahawa akiwa amekaa.

Kisha tukangoja mvua, ambayo siku zote huja usipoingoja. Kila wingu nililifuata kwa macho hadi lilipovuka. Hatimaye Jumapili moja, baada ya ibada, mbingu upande wa Bukoba ikawa nyeusi kama chungu, na baba mdogo akaja akitembea haraka, ameshika kofia yake. Hakuwa ameitwa na mtu.

"Nimekuja kuketi," akasema.

Tukaingia wote: yeye kitandani, mama pembeni yake, mdogo wangu sakafuni. Mimi nikawasha jiko niweke chai, maana huwezi kumkaribisha mkwe wala hakimu bila chai. Mvua ikapiga. Ilipiga kwa upepo, ya kwetu ile isiyobisha hodi, na kwenye alumini ilitoa kelele hata tukawa tunaangaliana tu. Wote wanne tulitazama dari. Baba mdogo alivua kofia kabisa, ili asidanganyike.

Muda ukapita. Chai ikachemka. Na tone moja likaanguka kutoka kwenye fremu ya kidirisha cha juu, likatua katikati ya upara wake.

Alinyoosha kidole kichwani, akalipangusa, akatuonyesha. Mdogo wangu alifumba macho. Mama akasema kwa Kinyambo, lugha yetu, neno ambalo sitaliandika.

"Linavuja," baba mdogo akasema. Na kwa mara ya kwanza hakuonekana kufurahia kwamba alikuwa sahihi.

Nilisimama juu ya kiti. Mbao zilikuwa kavu. Plaiwudi kavu. Pembeni ya kidirisha pakavu. Ile fremu tu ya chuma ndiyo iliyolowa, imejaa vitone kama uso wa mtu aliyepanda mlima. Nikatazama sufuria la chai linalofuka mvuke, nikatazama watu wanne kwenye chumba kilichofungwa.

"Baba mdogo, si mvua. Ni sisi. Ni chai."

"Paa linatoka jasho," mdogo wangu akaongeza upesi.

"Paa halitoki jasho."

"Basi tungoje," nikasema. Nikazima jiko, nikafungua mlango nusu, nikaifuta fremu kwa khanga yangu hadi ikakauka. Nikashuka. "Likianguka tone jingine, nitahamia sebuleni leo leo."

Tukangoja. Mvua haikupungua, ilizidi. Nilimimina chai huku macho yangu yako darini, nikammwagia mdogo wangu gotini. Baba mdogo alikunywa bila kushusha macho kutoka kwenye fremu. Akamaliza kikombe. Akaomba kingine. Mvua ikawa ya kawaida, ikawa manyunyu, ikakatika, na migomba nje ikabaki inadondosha yenyewe. Akajipapasa upara, akajipapasa mabega, akavaa kofia.

"Mkavu," akasema. "Sasa litembee."

"Leo? Na tope hili?"

"Nilisema vitu viwili."

Tulikuwa tumeyajaza matairi upepo wiki iliyotangulia. Majirani waliokuwa wamejikinga mvua kwenye nyumba ya mdogo wangu wakaitwa. Mdogo wangu akashika mkono wa mbele, ule wa kufungia kwenye gari, sisi wengine tukaweka mabega nyuma. Ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikatingishika. Baba mdogo, aliyekuwa msimamizi, akaona tunasukuma kivivu. Akakunja suruali, akaja akaweka bega lake pembeni ya langu.

"Moja, mbili," akasema, na karavani ikaondoka.

Iliondoka vizuri kuliko tulivyotaka. Ardhi ilikuwa telezi na upande ule ni mteremko. Tulisukuma, kisha tukawa tunaifuata, kisha tukawa tunaikimbilia. Mdogo wangu aliuachia mkono wa mbele na kurukia kwenye mihogo. Ikapita kati ya migomba bila kuigusa, kama mtu anayejua njia, ikavunja miramura miwili, ile mimea inayopandwa mpakani, mkono wa mbele ukachimba tope, ikasimama. Nyooofu kabisa. Ndani ya kibanja cha baba mdogo.

Majirani waliangalia vidole vya miguu yao. Baba mdogo alikuwa anahema, tope hadi magotini, anaangalia behewa limesimama kati ya migomba yake.

"Linatembea," nikasema.

Alinitazama. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani ni hasira, kumbe anazuia. Kicheko kikamshinda, akashika mgomba ili asianguke. Mama alicheka hadi akakaa chini kwenye majani yaliyolowa. Baba mdogo alipopata pumzi akasema kwamba mgeni hafukuzwi wakati wa mvua, kwa hiyo likae hapo hadi ardhi ikauke, na mtu yeyote akiulizwa, ni mzigo.

Likakaa hapo msimu wote wa mvua. Nilipikia humo, nikalala humo, hakikunidondokea kitu. Baba mdogo alikuja kila jioni kukagua paa, kama alivyosema, na ukaguzi wake ulichukua vikombe viwili. Alinisimulia mambo ya baba yangu akiwa kijana ambayo sikuwahi kuyasikia, na mimi nilimsimulia Songambele na Geita, na mara nyingine aliniuliza tena jambo lile lile ili nilisimulie upya.

Ardhi ilipokauka, trekta likaivuta juu. Dereva akauliza aiweke wapi. Mdogo wangu akamtazama baba mdogo, baba mdogo akanitazama mimi. Nikaonyesha sehemu iliyo wazi kwenye ukingo wa juu wa kibanja chetu, ambako dirisha la kitanda lingetazama vilima vya Kyerwa. Ikawekwa hapo, na hakuna aliyeniuliza neno.

Wiki ile ile nilisikia Songambele wanahitaji mpishi siku za mnada. Nikafunga masufuria. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikauning'iniza shingoni. Mama alikuwa kwenye kichanja chake. Akauliza, kama anavyoniuliza siku zote bila kutegemea jibu, narudi lini.

"Ijumaa," nikasema.

Na Ijumaa nilirudi.